Meli ya Uturuki inayobeba droni: ni manowari ya namna gani hasa?

Kuna video fupi imerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp. Ndege ndogo ya kijivu, isiyo na kioo cha rubani, inakimbia juu ya sitaha ya meli, inapanda mbinuko ulioko mbele, inaachia, inapotelea angani. Maneno ya chini hubadilika kulingana na aliyetuma. "Manowari ya kwanza duniani isiyo na watu." "Uturuki yaipiku Marekani." "Roboti zimeingia baharini." Watu kadhaa wameniuliza habari hiyo, na swali bora kuliko yote lilitoka kwa mjomba wangu, baharia mstaafu wa Tanga, ambaye hakujali roboti wala Marekani. Aliitazama mara mbili, akauliza: "Hiyo ni meli ya kubeba ndege, au ni ya kushusha askari?"

Ni ya kushusha askari, mjomba, ila imelazimika kujifunza kazi ya kubeba ndege ikiwa imeshaundwa. Ilivyofika huko ndiyo habari yenyewe.

Tuanze na maneno, maana nusu ya mkanganyiko imejificha humo. Manowari ni meli yoyote ya kivita. Ndani ya ukoo huo kuna meli ya kubeba ndege, ambayo ni uwanja wa ndege unaoelea. Kila kitu ndani yake kimepangwa kwa ajili ya kurusha na kupokea ndege za kivita. Kuna meli ya kushushia askari, ambayo kazi yake ni kufikisha wanajeshi, vifaru na malori kwenye ufukwe usio na bandari, au wenye bandari ambayo mwenyeji wake hakukaribishi. Halafu kuna droni, yaani ndege isiyo na rubani ndani yake. Hayo maneno mawili ya mwisho yashikeni, tutayarudia.

Meli tunayoizungumzia inaitwa TCG Anadolu. TCG ni kifupi cha Kituruki chenye maana ya Meli ya Jamhuri ya Uturuki, na Anadolu ni jina la bara kuu la nchi hiyo, upande wa Asia. Ina urefu wa mita 231 hivi na upana wa mita 32. Panga viwanja viwili vya mpira mstari mmoja, goli kwa goli, na bado utabakiwa na nafasi ya wachezaji wa akiba kupasha misuli. Uzito wake ni karibu tani 27,000. Ilijengwa Tuzla, Istanbul, katika karakana ya Sedef, lakini ramani yake ni ya Kihispania: kampuni ya Navantia ilikuwa imeshaijengea Hispania meli ya jinsi hiyo, Juan Carlos I, iliyoanza kazi mwaka 2010, na Australia nayo ikachukua mbili, Canberra na Adelaide. Kwa hiyo Anadolu ina ndugu watatu wa tumbo moja. Hao wengine hakuna anayewatungia vichwa vya habari.

Aliyewahi kuvuka Kigamboni au Likoni anaijua nusu ya meli hii tayari. Pantoni linasogea, mdomo wake unashuka, magari yanatoka. Chombo cha kushushia askari ni hivyohivyo, mdomo bapa unaolalia mchanga. Tatizo ni kwamba pantoni haliwezi kusafiri siku kumi baharini, mawimbi yatalivunja. Basi wahandisi wakaamua kuyapakia mapantoni madogo ndani ya meli kubwa. Sehemu ya nyuma ya Anadolu, kwenye tezi, kuna kidimbwi ndani ya tumbo la meli. Meli hujaza maji matangi yake kwa makusudi, tezi inazama kidogo, lango la nyuma linafunguliwa, bahari inaingia ngamani, na vyombo vinne vilivyokuwa vimelala pakavu vinaelea na kutoka vimebeba vifaru. Mtu mgeni akiona mara ya kwanza anaweza kudhani meli inazama. Juu ya kidimbwi hicho kuna magereji ya magari, vyumba vya mamia ya askari na hospitali yenye vyumba vya upasuaji. Juu kabisa ni sitaha bapa ya helikopta.

Sitaha hiyo bapa ndiyo inayowachanganya watu. Meli ya kubeba ndege ina sitaha bapa, na hii nayo ina sitaha bapa, basi watu wanaona ni kitu kimoja. Kwa mantiki hiyo daladala na gari la wagonjwa ni kitu kimoja kwa sababu yote ni Hiace.

Ila kwa nini askari washushwe kwa shida yote hiyo? Sisi wa Tanga hatuhitaji kwenda mbali kutafuta jibu. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India kuuteka mji wetu kutoka kwa Wajerumani. Nahodha wa manowari HMS Fox aliingia kwanza bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha. Akiwa hapo akawauliza kama bandari imetegwa mabomu ya majini. Aliwauliza maadui! Wakamwambia imetegwa. Basi muda ukapotea kwa kusafisha mabomu ambayo hayakuwapo, na huku Wajerumani wakishusha askari wao kwa treni kutoka upande wa Kilimanjaro. Walipofikia idadi ya watu 1,000 hivi wakawa wametosha. Waingereza walishukia Ras Kasone, wakaingia kwenye vichaka na mashamba bila kujua nani yuko mbele, wakapigwa, nyuki nao wakawashukia, na Novemba 5 wakarudi melini wakiacha bunduki kwa mamia, bombomu 16 na risasi zaidi ya nusu milioni. Watu bado wanaviita Vita vya Nyuki. Kwangu mimi nyuki wamepewa sifa kupita kiasi. Kilichowamaliza wale watu ni kutoona. Jenerali aliamua kushusha watu akiwa melini, akitazama mstari wa mikoko na minazi, hajui nyuma yake kuna nini.

Kaeni na picha hiyo ya jenerali anayetazama minazi.

Turudi Istanbul. Mkataba wa kujenga Anadolu ulisainiwa mwaka 2015. Ramani ya Kihispania ilikuja na mbinuko kwenye omo, yaani pua ya meli, kama kilima kidogo cha chuma, kwa sababu Wahispania wanarusha kutoka kwenye Juan Carlos I ndege za Harrier, jeti zinazoweza kuruka kwa mbio fupi na kutua wima kama helikopta. Waturuki waliuacha mbinuko ule mahali pake. Walikuwa washirika katika mradi wa ndege ya Kimarekani ya F-35, wakikusudia kununua 100 za aina ya kawaida inayotumia viwanja vya nchi kavu, na macho yao yalikuwa pia kwa dada yake, F-35B, ambayo hutua wima na ingefaa kabisa kwenye sitaha hii.

Ndipo ikaja S-400. Huo ni mfumo wa Kirusi wa kutungua ndege, na Uturuki ikaununua. Shehena za kwanza zilitua karibu na Ankara Julai 12, 2019. Wamarekani waliona hatari: rada ya Kirusi ikiishi nyumba moja na F-35 itajifunza namna ndege hiyo inavyoonekana, na ujuzi huo utafika Moscow. Siku chache tu baadaye, Julai hiyohiyo, wakaitoa Uturuki kwenye mradi. Meli ilikuwa imeshashushwa majini. Yaani bwana harusi amejenga nyumba, amenunua kitanda, kisha posa imekataliwa.

Hakukuwa na ndege nyingine duniani ya kuziba pengo. Harrier zilikuwa zimeacha kutengenezwa miaka mingi. Mbinuko wa omo ungebaki pambo, kama ulivyo kwa Waaustralia, ambao meli zao mbili zinao na hazirushi jeti hata moja. Uturuki ikatazama kilichopo nyumbani. Kampuni ya Baykar ya Istanbul ilikuwa imeshajipatia jina kwa droni ya Bayraktar TB2, iliyovuma Libya na Nagorno-Karabakh mwaka 2020, na baadaye Ukraine. Wazo likawa: tutengeneze TB2 ya baharini.

Lilisikika rahisi. Lakini ndege ya nchi kavu huwezi kuitupa juu ya meli ukaiambia iruke, na hapa inabidi tukae kidogo.

Ndege hupaa kwa sababu ya hewa inayopita kwenye mbawa zake. Bawa halijali kama ni ndege inayokimbia au ni upepo unaokuja. Mtoto anayerusha tiara analijua hili bila kufundishwa: hukimbia kuuelekea upepo, na upepo ukiwa mkali hata hakimbii, husimama tu na tiara linapanda. Nahodha wa meli hufanya kama mtoto huyo. Huigeuza omo kuelekea upepo, kisha huongeza mwendo. Anadolu ikienda maili 20 za baharini kwa saa, karibu kilomita 37, na upepo wa mbele ukiwa wa kilomita 25, basi droni iliyosimama tuli juu ya sitaha, injini haijaongezwa moto, tayari inapigwa na upepo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Kasi iliyobaki ndiyo inayotafutwa kwa kukimbia sitahani.

Halafu mbinuko. Dereva wa bodaboda akilivamia tuta bila kupunguza mwendo, pikipiki inaruka. Haijapaa, imetupwa juu tu na itaanguka. Ila fikiria pikipiki hiyo ina mbawa na pangaboi linaloisukuma: zile sekunde chache za kutupwa hewani zinaipa muda wa kuongeza kasi kabla ya kuanza kushuka, na kasi ikitosha haishuki tena. Ni tuta, basi. Aliyelibuni ni ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Doug Taylor, miaka ya 1970, na Harrier za Waingereza zililitumia katika vita vya Falklands mwaka 1982. Tuta la Anadolu lina nyuzi 12.

Jeti nzito kama F-35B, ambayo ikijazwa mafuta na silaha hukaribia tani 27, inahitaji tuta hilo na nguvu kubwa ya injini. Droni ya Baykar, iliyopewa jina TB3, haizidi kilo 1,450 ikiwa imebeba kila kitu. Ni uzito wa gari dogo la familia. Mbawa zake zina upana wa mita 14, ndefu na nyembamba kama za mwewe anayeelea, na ndege ya namna hiyo hupaa na kutua kwa mwendo mdogo. Hapo ndipo bahati ilipolala: kitu dhaifu kuliko jeti ndicho kilichoiwezea sitaha fupi. Kwa kutua haihitaji hata nyaya za kuinasa, zile zinazotandazwa kwenye meli kubwa ili ndege izikwakure kwa ndoano na kusimama. TB3 hugusa sitaha ikafunga breki.

Mengine yaliyobadilishwa hayaonekani kwenye video, na ndiyo yanayonivutia zaidi. Mbawa hukunjwa, kwa sababu nafasi melini ni kama nafasi sokoni Kariakoo. Kila futi ina mwenyewe. İsmail Demir, aliyekuwa akiongoza idara ya viwanda vya ulinzi ya Uturuki, alitaja mwaka 2021 kwamba droni za mbawa za kukunja zingeweza kuwa 30 hadi 50 humo. Miguu iliimarishwa, kwani sitaha inapanda na kushuka na mawimbi, kutua si kugusa lami iliyotulia. Kisha mafuta. TB2 hutumia petroli. Muulize baharia yeyote kuhusu petroli ndani ya meli uone anavyokunja uso: mvuke wake hujificha kwenye pembe zisizo na hewa na cheche moja inatosha. TB3 ilipewa injini ya Kituruki, PD-170, inayochoma mafuta ya ndege za jeti, ya jamii ya dizeli na mafuta ya taa, na helikopta zinayatumia hayohayo. Tangi moja, hatari pungufu. Na chumvi! Anayeishi pwani anajua bati la nyumba ya ufukweni lina umri gani. Ndege inayolala sitahani lazima ipakwe na kuzibwa dhidi ya kutu tangu kiwandani, la sivyo bahari itaitafuna kabla adui hajaiona.

Sasa tarehe, kwa sababu hapa ndipo mitandao ilipopotosha zaidi. Anadolu ilikabidhiwa rasmi kwa jeshi la majini Aprili 10, 2023, katika sherehe iliyoongozwa na Rais Erdoğan huko Istanbul, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Sitahani zilipangwa TB3 na pia Kızılelma, droni kubwa zaidi yenye injini ya jeti. Wananchi walifunguliwa milango, wakapanga foleni kwenda kuiona. Picha za siku ile ndizo zilizojaza dunia na maneno "meli ya kwanza ya droni". Lakini TB3 iliyokuwa pale sitahani haikuwa imeruka hata mara moja. Ilipaa kwa mara ya kwanza, tena kutoka nchi kavu, Oktoba 27, 2023. Na kupaa na kutua juu ya Anadolu yenyewe kulifanyika Novemba 19, 2024. Kati ya picha na ukweli kulikuwa na miezi kumi na tisa. Sisemi ni udanganyifu. Kila nchi hupamba dirisha la duka lake. Ila anayesambaza picha ajue anasambaza nini.

Haya, tupitie yale ninayoyasikia kijiweni.

La kwanza, kwamba meli haina watu. Ina mabaharia zaidi ya 200, na ikipakia askari inakuwa mji mdogo. Ndege tu ndiyo haina rubani, na hapo turudie maneno yale mawili: ndani yake. Rubani yupo, amekaa kwenye chumba chenye skrini humo melini au kwingine. Pembeni yake yupo anayeendesha kamera na silaha, na yupo mkuu wa zamu. TB3 inaweza kupaa na kutua yenyewe kwa kompyuta, kama ndege nyingi za abiria zinavyoweza kutua zenyewe kwenye ukungu, na bado hatusemi kwamba ndege ya abiria ni roboti. Kinachobadilika ni kwamba ikidunguliwa, hakuna mjane. Hilo ni kubwa. Linamfanya kamanda aitume mahali ambapo asingemtuma mtu.

La pili, kwamba imeipiku Marekani. Manowari ya Marekani ya daraja la Ford ina tani 100,000, urefu wa zaidi ya mita 330, na ndani yake zaidi ya ndege 70 zikiwamo jeti zinazorushwa kwa manati ya umeme. Ndiyo, manati, kama ya kuwindia ndege, isipokuwa jiwe lina uzito wa lori. TB3 ina pangaboi, inabeba kilo 280 za silaha na vifaa, na jeti yoyote ya kivita itaifikia kama pikipiki inavyoifikia baiskeli. Kuzilinganisha ni kuionea Anadolu. Ulinganisho wa haki ni huu: kabla ya droni, nchi nyingi zenye meli ya kushushia askari zilikuwa na helikopta tu, zinazokaa angani saa tatu au nne. TB3 hukaa angani zaidi ya saa 20.

La tatu, kwamba ni ya kwanza duniani. Inategemea unahesabu nini. Mwaka 2013 Wamarekani walitua droni ya majaribio ya jeti, X-47B, kwenye meli yao ya USS George H.W. Bush, kisha wakaiweka kando. Novemba 2023 Waingereza waliirusha na kuitua droni ya Mojave kwenye HMS Prince of Wales, mwaka mmoja kabla ya TB3 kugusa Anadolu. Uturuki inachoweza kujivunia ni kingine: ilikuwa ya kwanza kuamua kwamba droni zenye silaha ndizo zitakuwa ndege kuu za meli yake, si jaribio la pembeni. Tena iliamua hivyo kwa kukosa, si kwa kupenda, na hilo halipunguzi kitu.

La nne, kwamba sasa haigusiki. Hapa sina utani. Ukraine ilizitumia TB2 vizuri mwanzoni; Mei 2022 zilipiga boti za Kirusi karibu na Kisiwa cha Nyoka katika Bahari Nyeusi. Baadaye Warusi walipopanga rada, makombora na mitambo ya kuvuruga mawasiliano, droni hizo zikasogezwa nyuma kufanya upelelezi. Ndege ya mwendo mdogo mbele ya adui aliyejipanga ni kuku uwanjani. Na meli yenyewe? Februari 14, 2024, Caesar Kunikov, meli ya Kirusi ya kushushia askari, ilizamishwa na droni za majini za Ukraine, viboti vidogo vilivyojazwa baruti. Meli ya kushushia askari, imezamishwa na droni. Anadolu haitembei peke yake. Lazima ifuatane na frigeti za kuilinda, na gharama ya msafara huo haimo kwenye video.

Kuna jambo moja ambalo huulizwa na wachache: meli ikiwa mbali, inaongeaje na droni? Simama Ras Kasone utazame jahazi likitoka. Kwanza linapotea tumbo, mwisho tanga. Dunia imepinda, na mawimbi ya redio yanayokwenda mstari mnyoofu hukwama kwenye mpindo huo kama macho yako. Ila droni ikiwa juu kilomita sita, inaonana na mlingoti wa meli hata ikiwa umbali wa kilomita 300. Ikizidi hapo, ujumbe unapitia setelaiti. Kwa hiyo nchi isiyo na setelaiti yake, au isiyo na rafiki mwenye nayo, inaweza kununua meli na droni ikajikuta imefungwa kamba ya kilomita 300.

Kilomita hizo 300, hata hivyo, ndizo zinazobadilisha mambo, na si kwa sababu ya makombora. Waturuki wanalo jeraha lao la kutoona. Julai 1974 waliposhusha askari Cyprus, ndege zao za kivita ziliona manowari magharibi mwa kisiwa zikadhani ni za Wagiriki, zikazishambulia. Zilikuwa za Uturuki. Kocatepe ikazama, na mabaharia waliokufa waliuawa na ndugu zao. Rubani wa jeti hupita juu ya meli kwa sekunde chache. Anaona umbo, anaona moshi, anaamua. Droni huzunguka polepole juu ya umbo lilelile saa nzima, na watu watatu wanaangalia skrini moja, wanaulizana. Bado watakosea, maana mtu ni mtu. Lakini watakuwa na muda wa kukosea polepole.

Ndiyo maana nadhani silaha zinazoning'inia chini ya mbawa zimepewa umaarufu usio wao. Bomu dogo ambalo droni hizi hulibeba kwa kawaida, MAM-L, lina kilo 22 tu. Kwa lori linatosha, manowari halizamishi. Kamera ndiyo iliyobadilisha meli. Mpe jenerali wa Tanga kamera ile kwa saa moja, aone treni inashuka kutoka Moshi na bandari haina bomu hata moja, uone kama angeshuka Ras Kasone.

Wengine wameanza kufuata, kila mmoja kwa mfuko wake. China iliishusha majini Sichuan Desemba 27, 2024, meli ya kushushia askari ya zaidi ya tani 40,000 yenye manati ya umeme, maana yake inaweza kurusha droni nzito ambazo tuta haliziwezi. Iran ilichukua meli ya kubeba makontena, ikaitandikia njia ya kurukia na tuta mbele, ikaiita Shahid Bagheri, na kuikabidhi kwa jeshi lake la Walinzi wa Mapinduzi Februari 2025. Ukiiona utacheka kidogo, kisha utaacha kucheka, kwa sababu meli za makontena zimejaa duniani.

Hapo swali la mjomba linapata uzito mwingine, kwani jina la meli lina sheria nyuma yake. Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 unasimamia njia ya maji inayopita Istanbul kwenda Bahari Nyeusi, na masharti yake kwa nchi za kigeni hayaachi mlango kwa meli za kubeba ndege. Ndiyo sababu Warusi waliiita meli yao ya kubeba ndege, Kuznetsov, "kruza nzito inayobeba ndege", na mwaka 1991 ikapita. Uturuki, mlinzi wa mlango huo, sasa ina meli ya kushushia askari inayobeba ndege. Ukitaka kucheka, cheka hapo.

Na huku kwetu? Hakuna nchi ya Afrika Mashariki yenye chombo kama hiki. Ila Uturuki si mgeni wa bahari yetu. Ina kambi kubwa ya kufundishia wanajeshi Mogadishu tangu 2017, ilisaini na Somalia mkataba wa ulinzi unaogusa bahari Februari 2024, na Oktoba ya mwaka huohuo meli yake ya kutafuta mafuta, Oruç Reis, ilifika Mogadishu ikisindikizwa na manowari. Wavuvi wa Kismayu na Lamu wanavua maji yanayopakana. Anayefuatilia nani anaangalia nini kutoka juu katika bahari hiyo hafuatilii habari za ugenini.

Nilimpelekea mjomba maelezo haya yote kwa sauti, ujumbe wa dakika kumi na moja. Akajibu kwa swali jingine: kama Anadolu na droni zake inatosha, mbona hao Waturuki Januari 2, 2025 wameanza kukata chuma cha meli nyingine, ya mita 285 na tani 60,000, na safari hii wanaiita wazi meli ya kubeba ndege?